Naombeni ushauri: nina leseni ya ualimu ya Minnesota, nahamia Texas

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha hisabati sekondari hapa Minnesota, mwaka wa sita sasa. Mume wangu kapata kazi Houston, tunahama Juni. Kumbe leseni haihami na mtu! Mkataba wa NASDTEC, yaani makubaliano ya majimbo kuhusu leseni za walimu, unarahisisha njia tu, kila jimbo lina masharti yake. Texas wakishakagua vyeti hutoa cheti cha mwaka mmoja, ndani yake ufanye mitihani ya TExES, ile ya ualimu ya Texas. Je, shule zinaajiri mwenye hicho cha mwaka mmoja? Nimetuma maombi matatu, kimya. Shahada yangu ni ya nyumbani. Bahasha ya tathmini ya shahada hiyo ninayo, muhuri haujafunguliwa. Wataikubali, au naanza upya? Aliyepitia anielekeze tafadhali, usingizi sipati.