Naombeni ushauri: madaftari yangu ya kanga yanabinuka na kushika ukungu, niko Lamu

Binti wa Langoni

Asalaam aleikum ndugu zangu, na habari za jioni kwa nyote.

Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Tangu mwaka jana natengeneza madaftari nyumbani: karatasi nyeupe ndani, jalada la boksi nililolivisha kipande cha kanga, na jina la kanga nalipimia lije mbele lisomeke. Vipande napewa na fundi anayeshona magauni, ananiwekea mabaki kila wiki. Nashona pia kadi za harusi kwa cherehani, ua la kitambaa juu ya karatasi ya manila. Kazi hii naipenda kwa moyo wangu wote. Watoto wakishalala nakaa na mkasi wangu mpaka saa sita.

Sasa mwezi wa tano, mvua zikinyesha, hoteli moja iliniagiza madaftari 40. Nikayamaliza mapema, nikayapanga kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za chumba cha ndani nikisubiri siku ya kupeleka. Baada ya siku tisa nilipoyatoa, 17 yalikuwa yamebinuka kama vifuu, na pembeni, pale gundi ilipo, kuna vidoa vya kijivu vya ukungu. Gundi ni ya unga wa ngano, napika mwenyewe. Walichukua 23 na hawajaniagiza tena.

Kadi nazo: uzi unaikata manila. Ukivuta kidogo, ua linabanduka na kipande chake cha karatasi, kama stempu.

Nimeshachukua oda ya kadi 60, harusi ni mfungo saba, baada ya Maulidi. Nifanyeje? Nibadilishe gundi, au kazi ya karatasi haipatani na hewa ya hapa? Mume wangu hajaniambia niache, ila nimeona anavyoyatazama yale 17.

Mkata Karatasi

Waaleikum salaam dada. Pole sana kwa hasara. Mimi niko Malindi, Barani. Natengeneza mifuko ya karatasi tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, Agosti 28, 2017, kwa hiyo unyevu wa pwani naujua.

Kubinuka si kosa la hewa peke yake. Kitambaa kikilowa gundi kinatanuka. Kikikauka kinarudi, na kikirudi kinalivuta boksi upande wake. Wewe kanga umeivisha nje, basi boksi linainamia nje. Dawa ni kubandika karatasi upande wa ndani siku hiyo hiyo, boksi likiwa bado bichi, ili pande mbili zivutane sawa. Kisha lilaze katikati ya magazeti makavu, uweke kitu kizito juu, magazeti uyabadilishe asubuhi na jioni kwa siku mbili. Na kanga mpya usiikate kabla ya kuiloweka, kuianika na kuipiga pasi. Irudi kwanza ikiwa nzima.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nilichelewa kulijua, na laiti ningeambiwa mapema. Karatasi ina nyuzi zilizolala upande mmoja, kama ubao. Chukua A4, ipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja itakubali, upande wa pili itakukatalia. A4 nyingi za dukani nyuzi zake zimelala kwa urefu. Ukiikunja katikati kupata daftari la A5, mkunjo unazivunja nyuzi, mgongo unavimba na daftari halifungi vizuri hata uligandamize vipi. Lakini ukiikata A4 katikati kwanza, ukapata vipande viwili, kisha ukakunja kila kipande katikati, mkunjo unalala sambamba na nyuzi. Unapata kidaftari cha milimita 105 kwa 148, kinaingia mfuko wa kanzu. Karatasi tano za A4 zinakupa kurasa 40. Jaribu kimoja usiku huu, vidole vyako vitakuonyesha tofauti.

Wewe umekuwa ukikunja ukubwa gani?

Binti wa Langoni

A5. Karatasi 15 za A4 nazikunja kwa pamoja. Na kweli mgongo ulikuwa ukivimba, mimi nikawa nazidisha gundi ili utulie! Karatasi ya ndani nilikuwa nabandika kesho yake, boksi likiwa limeshakauka. Kumbe nilikuwa najiharibia kwa mikono yangu.

Kijana wa Mokowe

Dada, achana na unga, nunua gundi nyeupe ya dukani. Na ukiagiza rimu kutoka Mombasa au Malindi, waambie waifunge vizuri. Inakuja na basi mpaka Mokowe, halafu inavuka kwa boti. Niliwahi kupokea rimu mbili zimerushiwa maji ya chumvi, nje zinaonekana kavu, ndani zimeshikana.

Maalim wa Sanaa

Gundi ya unga si mbaya, tena watoto shuleni naitumia nao. Ila haikai. Ipike ya siku moja tu, na wakati wa kupika tia shabu (alum) kidogo, haitashika ukungu upesi.

Mkata Karatasi

Maalim, kwa kazi ya watoto sawa. Kwa daftari ambalo mtu atalitunza miaka mimi nisingetia shabu. Ina asidi, na asidi huigeuza karatasi manjano, mwishowe inakatika. Afadhali achemshe karafuu chache, achuje, yale maji ndiyo apikie unga. Karafuu nayo huzuia ukungu. Gundi nyeupe ya dukani nayo ni nzuri, ila ina maji vilevile, kwa hiyo akiipaka upande mmoja jalada litabinuka vilevile.

Maalim wa Sanaa

Hilo la asidi nimelipokea. Ahsante.

Bi wa Mkomani

Mwanangu wa Langoni, kwanza vitoe hivyo vitabu zidakani yeo hii. Najua zidaka ni pambo, na kitu kikikaa pale kinapendeza. Lakini ule ni ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unanywa unyevu na kuutema, na chumba cha ndani hakina dirisha. Hapo panafaa vyombo vya kaure, hapafai karatasi. Vipandishe ghorofa ya juu penye upepo, uvisimamishe kwenye rafu ya mbao, visigusane na ukuta, na kati ya kitabu na kitabu pawe na nafasi ya kidole.

La pili. Nimeshona kofia za viua tangu nili msichana, mpaka mato yamechoka. Kofia ni vitambaa viwili vilivyolazwa pamoja na kushonwa, na haina tone la gundi. Inafuliwa, inatiwa wanga, inapigwa pasi, inavaliwa miaka. Babu yangu alikuwa na msahafu ulioandikwa kwa mkono, uliotoka Siyu. Jalada lilikuwa limeachana nao kabisa, lakini karatasi haikutoka hata moja, maana zilikuwa zimeshonwa, uzi umepita kwenye mkunjo. Sasa nakuuliza, hilo boksi la nini? Chukua kanga, ilaze juu ya vipande viwili vya marekani, kile kitambaa cha pamba, vilivyofuliwa, piga bandi ya kushikiza tu, kisha shona mistari iliyokaribiana kutoka ukingo mpaka ukingo. Litakuwa jalada gumu kiasi chake, na hakuna cha kubinuka.

Kulitia daftari ndani ni matundu matatu tu kwenye mkunjo, jalada na karatasi kwa pamoja. Toboa kwanza kwa shazia, ile sindano nene. Ingiza sindano tundu la kati ukitokea ndani, itokee nje. Nenda juu, ingia ndani. Ndani shuka moja kwa moja mpaka tundu la chini, toka nje. Rudi kati, ingia. Ncha mbili za uzi sasa zote ziko ndani, moja huku na moja huku ya ule uzi mrefu uliolala kwenye mkunjo. Fundo lifunge juu yake, ulikaze. Uzi wa cherehani ni mwembamba, utakata. Nunua uzi wa fundi viatu, uupitishe kwenye nta mara mbili. Huna nta, mshumaa unatosha.

Na hizo kadi: sisi kwenye kofia hatulazimishi sindano itoboe na kushona kwa mara moja. Kiua hutobolewa kwanza kwa ncha nyembamba, ndipo uzi unazungushwa kukishika. Fanya hivyo kwenye manila. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, toboa ua zima, kati ya tundu na tundu acha urefu wa punje ya mchele. Kisha shona kwa mkono ukiwa na subana kidoleni, na uzi uuvute polepole.

Fundi wa Shela

Bi amesema yote. Naongeza la cherehani tu, maana kadi 60 kwa mkono ni usiku mwingi.

Karatasi haijifungi. Kitambaa ukikitoboa, nyuzi zinarudi kuibana sindano, karatasi tundu likishaingia limeingia. Kwa hiyo ukishona kwa mshono mfupi wa nguo unakuwa umeichanja mstari wa kuchania, na ndiyo hiyo stempu yako. Weka urefu wa mshono kwenye 4. Legeza uzi wa juu kidogo. Usirudi nyuma kufunga mshono, acha mikia ya uzi, uivute upande wa nyuma wa kadi na kuifunga kwa mkono. Sindano tenga moja ya karatasi peke yake, maana karatasi inaifanya butu, ukiirudisha kwenye hariri itavuta nyuzi. Na ukimaliza, fungua kile kibati cha chini, upige brashi. Vumbi la karatasi likichanganyika na mafuta linaganda kama udongo.

Sindano zako unazihifadhi wapi? Hapa chumvi inazila. Mimi nazichomeka kwenye kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, kabla ya kushona nazifuta.

Mkata Karatasi

Bi, shikamoo. Hilo la jalada la kushonwa sikuwahi kulifikiria, na mimi niko na karatasi kila siku. Naliiga.

Binti wa Langoni

Bi wa Mkomani, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara tatu, mara ya mwisho nimemsomea mama. Amesema hata yeye aliwahi kushona viua akaacha.

Wengine wote ahsanteni. Nitawarudia.

Binti wa Langoni

Nimerudi, wiki tatu zimepita.

Nimetengeneza vidaftari sita vya 105 kwa 148. Viwili nimebandika boksi pande zote mbili kwa siku moja, kwa gundi ya karafuu, na kuvilaza chini ya kinu. Vimenyooka, ila kimoja kina pembe iliyoinuka kidogo. Vinne nimeshona jalada la kanga na marekani, bila gundi. Vyote vimekaa juu kwenye rafu, na wiki iliyopita mvua ilipiga siku mbili mfululizo. Vile vinne viko vilevile. Kimoja nilikiacha makusudi chini ya dirisha, jalada likapata unyevu, nikalifungua na kulianika saa moja, basi. Karatasi za ndani nikiziinua zinalala zenyewe, mgongo haujavimba.

Kinachonipa shida ni mistari ya mshono kulipita jina la kanga. Herufi zinapotea. Kwa hicho cha nne nimeshona mistari juu na chini, pale penye jina nimepaacha wazi, nikapaona panavimba kidogo.

Kadi ya kwanza nimeshona jana usiku kwa mkono, ua la matundu 22. Nimelivuta kwa nguvu zangu, halikutoka.

Bi wa Mkomani

Pale penye jina usipaache wazi, fuata ukingo wa kila herufi kwa uzi mweupe, mshono mdogo mdogo. Jina litainuka lenyewe lisomeke hata kwa kidole. Ndoo kwangu Jumamosi baada ya alasiri nikuonyeshe kwa mkono, maneno hayatoshi. Na umwambie mamako naye aje.

Binti wa Langoni

Tutakuja sote wawili, inshallah. Nabeba shazia na kile kidaftari cha nne.