MREJESHO: Niliomba ushauri wa kuwatembeza watoto Mwanza, tumerudi salama

Wadau, habari za siku. Nilikuja hapa kuuliza niwapeleke wapi wanangu, wa miaka 6 na 10, kwa siku mbili Mwanza. Wengi mlisema kisiwa cha Saanane na Bujora, makumbusho ya Wasukuma. Asanteni sana, mmenifaa.

Saanane tulivuka kwa boti asubuhi kutoka Capri Point, ni mwendo mfupi tu. Kisiwa hiki kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa Hifadhi ya Taifa 2013. Watoto waliganda kwa mijusi, kichwa chekundu, mwili wa buluu, wakipiga push-up juu ya mawe. Pimbi nao walikuwa wameota jua hatua chache tu kutoka kwetu. Vaeni raba, mawe yanateleza.

Lakini Bujora, pale Kisesa, ndiyo iliyonigusa moyo. Mimi ni Msukuma niliyekulia Dar, na sikuwahi kuona ngoma za watemi kwa macho yangu. Zimewekwa kwenye jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Mwongozaji alimruhusu mdogo apige ngoma moja ya nje, alipiga, akanyamaza, akaniuliza, "Baba, babu naye alikuwa anacheza hivi?" Nikampigia mzee simu palepale, akamsimulia Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya ngoma vinavyoshindana, hadi salio likaisha.

Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, tulipita jioni kupiga picha, dakika kumi zinatosha.

Mwakani nataka twende Juni, tuwahi Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma.