Plagini ya LV2 haionekani kwa mtumiaji mmoja: requiredFeature nimezidisha?

fundi_bafa: Wakuu, naombeni mawazo. Nimeandika sampla ndogo ya LV2 (umbizo la plagini za sauti): unaipa faili la sauti, inalipiga kwa MIDI. Kwangu, kwenye Ardour na jalv (hosti, yaani programu zinazopakia plagini), iko safi. Sasa mtu ananiambia kwenye hosti yake haimo hata kwenye orodha, wala hakuna ujumbe wa kosa. Kwenye .ttl (faili la lugha ya Turtle linaloielezea plagini kwa hosti) nina requiredFeature (vitu ambavyo hosti lazima iwe navyo) nne: urid:map, work:schedule, opts:options na bufsz:boundedBlockLength. Nizishushe zote ziwe optionalFeature? Naogopa isije ikaonekana halafu ikaanguka katikati ya kazi ya mtu.

mzee_wa_C: Hosti yake haina kosa. Isipokuwa na kitu ulichokitaja kwenye requiredFeature, hairuhusiwi kuipakia plagini. Usizishushe zote kwa mkupuo. Bila urid:map huwezi hata kutambua tukio la MIDI, kwa sababu aina za matukio huja kama namba. Hiyo iache. boundedBlockLength na options unazitumia wapi?

fundi_bafa: Nasoma maxBlockLength (ukubwa wa juu wa kipande cha sauti) kupitia options ili nitenge bafa ya muda kwenye instantiate, plagini inapoundwa.

mzee_wa_C: Basi zifute zote mbili. Tenga bafa ya sampuli 256, na ndani ya run() (inayoitwa kwa kila kipande cha sauti) kata kazi vipande vya 256 hadi iishe. Hutahitaji kujua ukubwa wowote.

noti_tatu: Hamia CLAP (umbizo jingine la plagini) tu mkuu, uachane na Turtle.

mzee_wa_C: Turtle ataikwepa, swali atalikuta kule kule. CLAP 1.0 ilitoka 2022, na humo plagini inaiuliza hosti kwa get_extension. Jibu likiwa NULL (hakuna), unajipanga mwenyewe. Tena kuuliza ni kuanzia init(), si kabla.

sauti_kavu: Wote mmeiruka work:schedule (worker, ya kufanyia kazi nzito kama kusoma diski nje ya run()), na kwa sampla ndiyo yenye kazi. Ifanye optional, ila jua utakachofanya isipokuwepo. Kusoma diski ndani ya run() ni mwiko, hata faili liwe dogo namna gani. Lakini restore() ya state (inayorudisha hali iliyohifadhiwa) haiitwi sambamba na run(), labda wewe mwenyewe utangaze state:threadSafeRestore. Kwa hiyo mradi uliohifadhiwa ukifunguliwa, faili lipakie hapo hapo bila worker. Mtumiaji akibadilisha faili huku sauti inapita na worker haipo, kataa ombi, uandike kwenye logi. Atakosa urahisi, lakini kazi yake haipotei.

Na angalia C yako. Wengi hubadili .ttl, kumbe instantiate bado ina `if (!schedule) return NULL`. Hapo plagini inaonekana kwenye orodha, ukiibofya inagoma. Heri hata ilivyokuwa haionekani.

fundi_bafa: Hahaa, mstari huo ninao neno kwa neno. Nitajaribuje bila hosti kama ya yule jamaa?

sauti_kavu: Baada ya kupitia orodha ya features, lazimisha `schedule = NULL`, kisha ifungue kwenye jalv.

fundi_bafa: Nimejaribu. Imefunguka, ikaanguka mara tu nilipobadilisha faili: sehemu mbili nilikuwa naita schedule_work bila kuangalia kama kielekezi kipo. Nimerekebisha, vipande vya 256 navyo vinaenda. Namtumia jamaa toleo jipya usiku huu.

noti_tatu: Ile NULL ya majaribio umeiondoa lakini?

fundi_bafa: …dakika moja.