Injini inazunguka vizuri kwa upepo, kwa mvuke inakwama. Msaada wakuu

Mjukuu wa Reli, Tabora

Wakuu, habari za jioni. Kazi ya miezi kumi na minne imenigomea ikiwa imebaki hatua ya mwisho.

Nimetengeneza injini ndogo ya mvuke ya kulala, silinda moja, mvuke unasukuma pistoni pande zote mbili. Kipenyo cha silinda ni milimita 25, mwendo wa pistoni milimita 32. Silinda nimeikereza kutoka kwenye kitovu cha puli kuukuu ya mashine ya kusaga, chuma cha kusubu safi kabisa, ukikikereza kinatoa unga mweusi kama masizi. Pistoni ni alumini, niliyeyusha pistoni mbili za bodaboda. Flaiwili ni gurudumu la cherehani.

Kwa kompresa ya fundi pancha wa jirani inazunguka saa nzima bila shida. Jumamosi nikaiunganisha na boila. Presha ilipofika bar 3 nikafungua koki, ikatema maji, ikaanza. Dakika kama tatu hivi ikawa nzito, ikasimama, flaiwili hata kwa mikono miwili haigeuki. Nilipozima moto na silinda ikapoa, ikalegea yenyewe. Nimerudia mara nne, ni vilevile. Na ile rangi ya damu ya mzee niliyoipaka kwenye silinda imefura malengelenge.

Babu yangu alikuwa mchochea moto kwenye treni za Reli ya Kati. Ana miaka 88, macho yamekwisha lakini masikio ni mazima. Nataka aisikie injini hii akiwa bado yupo.

Mzee wa Kerezo, Morogoro

Kijana wangu, hongera kwa kazi. Nipe vipimo vya pistoni na silinda vikiwa baridi, kwa maikromita, siyo kwa vernia.

Mjukuu wa Reli

Shikamoo mzee. Silinda 25.00, pistoni 24.98. Niliibana hivyo makusudi ili isivujishe.

Mzee wa Kerezo

Marahaba. Hapo ndipo ilipo shida. Mvuke wa bar 3 una joto la nyuzi 143 hivi. Banda lako tuseme lina 28, kwa hiyo vyuma vinapanda nyuzi 115. Alumini ya pistoni yenye kipenyo cha milimita 25 ikipanda hivyo inanenepa karibu 0.06, na silinda yako ya chuma cha kusubu inatanuka 0.03 tu. Pistoni inaizidi silinda kwa 0.03, nawe umeiachia nafasi ya 0.02. Kwa upepo hutaliona hilo hata ukiizungusha wiki nzima, maana upepo haupashi chuma joto.

Usiipunguze hiyo pistoni, itavuja ikiwa baridi na utahangaika na maji. Kama umebakiza kipande cha ile puli, kereza pistoni mpya humo humo, chuma kilekile kitanuke pamoja na silinda. Iachie 0.04, halafu ikatie mfereji wa milimita 3 katikati na uuzungushie uzi wa grafaiti. Uzi ndio uzuie mvuke, pistoni ipite bila kusugua.

La pili, unalainisha na nini? Kama ni oili ya bodaboda, mvuke wenye majimaji unaiosha mara moja. Tafuta oili nzito ya silinda za mvuke, na ufunge kikombe cha mafuta kwenye bomba la mvuke. Mvuke kidogo unaingia, unapoa na kuwa tone la maji, tone linazama chini ya oili, na oili inapanda tone kwa tone kwenda kwenye silinda. Hakina hata kipande kimoja kinachozunguka. Mimi nakipenda kuliko kitu chochote kwenye injini.

Garati, Nairobi

Ndugu, kuhusu rangi. Ukipita Makumbusho ya Reli hapa Nairobi uitazame treni namba 5918 Mount Gelai, ile ya mvuke kubwa aina ya Garati iliyotoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester. Nayo ni damu ya mzee. Kwenye treni kubwa kama hizo silinda huvishwa bati, na rangi hupakwa kwenye bati, siyo kwenye chuma chenye moto. Nawe ivishe yako. Pasua vijiti vya mninga vya unene wa milimita 3, vipange kuizunguka silinda kama mbao za pipa, uvifunge kwa mikanda miwili ya shaba. Usivipake rangi, vipake mafuta ya kitani tu. Itapendeza, na silinda itatunza joto, maji yatapungua.

Fundi Friji, Mwanza

Boila umeijaribu vipi? Hujasema, na mimi hilo linanitia hofu kuliko pistoni.

Mjukuu wa Reli

Ni bomba la shaba nyekundu, nimelichomelea kwa fedha. Nilijaza maji mpaka juu, nikapampu hadi bar 6 kwa nusu saa, geji haikushuka. Valvu ya usalama inafunguka kwenye 3.5.

Fundi Friji

Vema. Mwingine anayesoma hapa asije akajaribu kwa upepo. Maji yakipasua boila yanamwagika tu, upepo unarusha vipande.

Mjukuu wa Reli (wiki tano baadaye)

Wakuu, imekwenda! Pistoni mpya ya chuma cha puli, uzi wa grafaiti, kikombe cha mafuta, mninga. Jana ilizunguka dakika arobaini mpaka maji yakafikia alama ya chini, nikazima mwenyewe.

Babu aliketi kwenye kigoda, kichwa amekiinamisha. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Pumzi ya nyuma ina nguvu kuliko ya mbele. Angalia valvu yako." Leo asubuhi nimefungua sanduku la valvu, ile inayogawa mvuke pande mbili za pistoni. Imesogea nusu milimita.

Mzee wa Kerezo

Nisalimie babu yako. Legeza nati mbili za fimbo ya valvu, irudishe robo robo, na umwite asikilize kila mara.