Tupeane uzoefu: kuthibitisha pembe za msambamba na pembetatu pacha

Kisiwani: Mwanangu wa Kidato cha Pili ameleta swali hili: ABCD ni msambamba (umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba), E iko kwenye mstari DC, na AE ni sawa na AD, thibitisha kwamba pembe AED ni sawa na pembe ABC. Pembetatu AED ni pacha, yaani ina pande mbili sawa, hivyo pembe E ni sawa na pembe D, nayo D inatazamana na B. Lakini aliponiuliza kwa nini pembe zinazotazamana ziwe sawa, nilikumbuka ubao wa enzi zetu. Ninyi mlifundishwaje?

Mama Salma: Achore ulalo AC, yaani mstari wa kutoka kona A hadi kona C. Pembe mbadala (zilizo pande mbili za ulalo, kati ya mistari sambamba) zitakuwa sawa mara mbili na AC ni upande wa pamoja, basi pembetatu ABC na CDA zinalingana, na pembe B ni sawa na D.

Msomi wa Zamani: Mimi niliumizwa na pembetatu pacha. Niliitwa ubaoni kuthibitisha kwamba pembe za kitako chake, B na C, ni sawa, nikathibitisha bila kuongeza mstari wowote: AB ni sawa na AC, AC ni sawa na AB, pembe A ni ileile, kwa hiyo pembetatu ABC inalingana na ACB, na pembe B ni sawa na C. Mwalimu alifuta yote, akatangaza mbele ya darasa zima kwamba pembetatu hailinganishwi na yenyewe, kisha akaniamuru nisimame mpaka kipindi kiishe. Nilipofika chuoni ndipo niliposoma kwamba Proclus, mfafanuzi wa kale wa jiometri ya Kigiriki, aliunasibisha uthibitisho huohuo na Pappus wa Alexandria, mwanahisabati wa karne ya 4. Nililia palepale maktabani.

Mama Salma: Pole sana, kaka.

Bin Juma: Mwalimu hakukosea sana, kwani mwanafunzi anatakiwa aonyeshe pembetatu mbili.

Msomi wa Zamani: Hapana, mkuu. Kanuni ya upande-pembe-upande (pande mbili na pembe iliyo kati yake zikiwa sawa, pembetatu zinalingana) haidai hivyo popote.

Chaki: Agawanye pembe A katikati kwa mstari hadi kitako BC, yatosha.

Bin Juma: Kwa mpangilio wa Euclid, Mgiriki wa kale aliyepanga kanuni za jiometri kwa namba, huko ni kuzunguka, kwa sababu kugawanya pembe ni kanuni ya 9, inayotegemea ya 8, nayo ya 7, nayo hiyohiyo ya 5 inayothibitishwa, yaani ya pembe za kitako cha pembetatu pacha. Ndiyo maana yeye alirefusha pande chini ya kitako.

Chaki: Mtoto ana mtihani, ndugu yangu, si Euclid! Muhimu ni kwamba mstari mmoja usidaiwe kugawanya pembe, kugawanya kitako na kusimama wima kabla ya kuthibitishwa.

Kisiwani: Ameuchagua uthibitisho wa Pappus.