Nimenaswa ndani ya Yume Nikki: nitafute ramani au niendelee kutangatanga?

Taa_ya_Koridori (Roysambu)
Wadau, hamjambo. Kuna gemu la kutisha la bure, Yume Nikki, lilitoka Japani mwaka 2004 na mtengenezaji wake anajulikana kwa jina moja tu, Kikiyama. Laptopu yangu ni ya mtumba lakini linakimbia bila shida, maana picha zenyewe ni vijidoti kama za simu ya mulika mwizi.

Mhusika ni msichana, Madotsuki, asiyetaka kutoka chumbani. Mpeleke mlangoni, anatikisa kichwa. Ukimlaza anaota, na ndotoni mlango uleule unafunguka, unajikuta kwenye ukumbi wenye milango 12. Baada ya hapo shauri yako. Hakuna wa kukuelekeza, kuna muziki mfupi tu unaojirudia mpaka unausikia hata ukiosha vyombo.

Sasa jana usiku wanawake fulani wenye midomo ya ndege walinidaka wakanitupa mahali pasipo na njia ya kutoka. Nilizunguka weee, tokeni ya umeme nayo inaelekea kuisha, nikazima mashine kwa hasira. Kuna vipawa 24 vya kukusanya, yaani vitu vya kumbadilisha Madotsuki au kumpa uwezo fulani, na mimi ninavyo vichache mno. Nitafute ramani? Halafu mpwa wangu wa Gredi ya Sita anakuja likizo na ameshaanza kuuliza kama atacheza.

Makanga_wa_Usiku
Pole dada. Hao ni Toriningen. Usizime mashine, bonyeza 9: Madotsuki atajifinya shavu na kuamka kitandani. Kisha mketishe kwenye dawati aandike shajara, kwa sababu hapo ndipo gemu linapohifadhiwa. Ulivyozima jana bila kuandika, ulichookota tangu uhifadhi mara ya mwisho kimeenda. Ukibahatika kupata kile kipawa cha mkono wenye jicho, kitakurudisha ukumbini bila hata kuamka.

Zeze_Kavu
Ramani? Usithubutu! Kupotea ndiko gemu lenyewe. Kuna nyumba ya msichana aitwaye Poniko. Ndani kuna swichi ya taa. Nilikuwa nikiizima na kuiwasha kwa uvivu tu, mara taa ikazimika, Poniko hayupo, amesimama kitu cheusi chenye uso mweupe na sauti ya kukwaruza. Anaitwa Uboa. Hutokea kwa bahati nasibu, mara 1 kati ya 64 unapozima taa. Ningekuwa nimesoma mahali, ningekaa pale nikibofya kama mtu anayesubiri lifti.

Fundi_wa_Luthuli
Zeze, wewe huna kazi ya asubuhi. Kuna sehemu mle ni giza tupu, unatembea na kutembea, na mtu amefunga duka saa tatu usiku. Dada, tafuta baiskeli kwanza, mwendo utabadilika. Ramani itumie kwa vile vipawa vya mwisho tu, wala usione haya. Pia angalia usije ukalipia lile toleo la 3D la 2018 ukidhani ndilo hili. La zamani bado ni bure kwenye Steam, lile duka la magemu la mtandaoni. Laptopu ikikataa, kuna programu ya EasyRPG ya simu za Android, inalichezesha vizuri.

Mama_Wawili
Nyinyi mnabishana ramani, hakuna aliyemjibu kuhusu mtoto. Samahani nitatoboa mwisho, asiyetaka aruke: ukishakusanya vyote 24 na kuviacha ukumbini, Madotsuki anaamka na kujirusha kutoka roshani. Hakuna maelezo, hakuna faraja. Isitoshe kipawa kimoja ni kisu, na kinachoma karibu kila unayekutana naye. Mtoto wa Gredi ya Sita, hapana. Akikusumbua, chumbani kwa Madotsuki kuna runinga yenye kagemu ka Nasu, kazi yake kudaka biringanya zinazoanguka. Hako acheze mpaka achoke.

Taa_ya_Koridori
Asanteni. Leo wamenidaka tena, 9 imekubali, nimetoka! Mama Wawili, sikujua hilo la mwisho, umeniokoa na dada yangu. Ataishia kwenye biringanya, na laptopu nitaitia nywila. Ramani itangoja, natafuta baiskeli. Ila Zeze, hiyo nyumba ya Poniko iko upande gani?

Zeze_Kavu
Sikuambii.