Walanguzi wa saini wanawapiga vikumbo watoto kwenye kambi za besiboli Arizona, na timu zinatazama tu

Wakuu, salaam. Nina hasira, na uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka aniwie radhi.

Kwa wasiofuatilia besiboli, nieleze kidogo. Kila mwaka kuanzia katikati ya Februari hadi karibu na mwisho wa Machi, timu zote 30 za ligi kuu ya Marekani zinakuwa kambini kujiandaa na msimu. 15 zinakwenda Florida, 15 zinakuja huku kwetu Arizona na kusambaa kwenye viwanja vinavyolizunguka jiji la Phoenix: Mesa, Scottsdale, Tempe, Peoria, Surprise, Goodyear, Glendale. Mechi zinazochezwa ni za kirafiki, matokeo hayaingii kwenye msimamo. Watu wanajaa kwa sababu hiki ndicho kipindi ambacho mchezaji anayelipwa mamilioni ya dola anapita hatua mbili kutoka ulipo, akitoka vyumba vya kubadilishia nguo kwenda viwanja vya mazoezi. Mtoto akimwita jina anageuka. Msimu ukishaanza, habari hiyo hakuna tena.

Sasa hicho ndicho kinachoharibiwa na walanguzi, watu wanaosaka saini za wachezaji ili wakaziuze: watu wazima, ndevu zao na mabegi yao mgongoni.

Juzi Jumamosi nilimpeleka mwanangu pamoja na rafiki yake, mtoto wa jirani yetu Mkongo. Uwanja siutaji. Huyo mtoto wa jirani anacheza kama mdakaji (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mpira) kwenye timu ya watoto, na mdakaji wa timu tuliyoifuata ndiye kila kitu kwake. Kila mmoja alibeba mpira mpya na kalamu ya wino ya bluu ya kawaida. Walijifunza wenyewe kwamba maka-peni haifai kwenye mpira, wino wake unasambaa kwenye ngozi na baada ya muda saini haisomeki. Walijua hata namna ya kuushika: unamgeuzia mchezaji pale mishono miwili inapokaribiana, maana hapo ndipo saini inapokaa vizuri. Tulifika kabla geti halijafunguliwa, wakawahi kwenye uzio wa chuma na kusimama kwa adabu.

Mchezaji alipotokea tu, nyuma yao likaja kundi. Mmoja ana jalada nene la kadi zenye picha za wachezaji, kila kadi kwenye mfuko wake wa plastiki. Mwingine ana magongo matatu chini ya kwapa. Wa tatu begi lake lilikuwa wazi, mipira imejaa mpaka juu. Wakanyoosha mikono juu ya vichwa vya watoto, viwiko mabegani mwao. Mtoto wa jirani akabanwa kifua kwenye chuma, kofia ikamdondokea ng'ambo ya uzio. Mchezaji, akiwa ameinamisha kichwa, akasaini vile vilivyokuwa mbele ya macho yake, yaani vya walewale, kisha akaitwa akaenda. Kofia aliiokota mfanyakazi wa uwanja baadaye.

Haikuishia hapo. Mmoja wao akamwinamia mwanangu, akampa mpira na kumwambia: mchezaji fulani akipita msainishe huu, nitakupa dola kumi. Mbele yangu mimi baba yake! Wanajua mchezaji hamkatalii mtoto, kwa hiyo wanawafanya watoto chambo. Nikamrudishia mpira wake kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nikamfuata mhudumu wa jukwaa. Viwanja vingi huku wanaosimamia majukwaa ni wazee wastaafu wanaojitolea, watu wema kabisa, na sina ugomvi na mzee yule. Akaniambia hana mamlaka ya kumwondoa mtu mwenye tiketi. Nikamtafuta msimamizi wake. Huyo akajibu kwamba uzio ni wa wote, anayewahi ndiye anayepata. Nikamwambia hawa watoto ndio waliowahi. Akanyamaza, akaanza kuongea na redio yake.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Getini walikagua mpaka chupa zetu za maji, na begi langu la vitafunio lilipekuliwa mfuko kwa mfuko. Lakini mtu anapita na begi la mipira mitupu na haulizwi hata anakwenda kufanya nini! Hawawezi kusema hawawajui. Sura ni zilezile kila wiki, wahudumu wanawaita kwa majina.

Najua kuna watakaokuja hapa kuniambia biashara ni biashara, kila mtu anatafuta ugali wake. Sawa, atafute, lakini si kwa kumkandamiza mtoto wa miaka tisa kwenye chuma. Na biashara yenyewe mbona tunaijua ilivyo? Miaka ya 1990 mwishoni FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliendesha operesheni kule San Diego, wakaiita Bullpen, wakalivunja genge lililokuwa likighushi saini za wanamichezo na kuziuza nchi nzima. Kati ya vitu walivyovikuta ni mipira ya besiboli yenye saini ya kughushi ya Mama Teresa. Mama Teresa! Tangu 2001 ligi ina utaratibu wake wa kuthibitisha vitu: ni lazima shahidi wao aone kwa macho yake ndipo stika maalumu ibandikwe. Saini ya pale kwenye uzio haina shahidi huyo. Kwa hiyo anayenunua mpira mtandaoni kutoka kwa walanguzi hawa anauziwa neno lao tu, na mtoto aliyesukumwa ndiye aliyelipia.

Kingine, wanaharibu wachezaji. Mchezaji akishaona saini yake aliyoitoa bure asubuhi inauzwa jioni, kesho anapita upande wa pili. Simlaumu hata kidogo. Lakini hasara inamwendea nani?

Niwape na jambo lililonipoza roho siku ile, kwa sababu linaonyesha kwamba dawa ipo. Mchana, wachezaji wakubwa walishatolewa, maana kambini wanacheza vipindi vichache tu vya mechi na kuondoka. Akatokea kijana mmoja, jezi namba tisini na kitu, namba wanazopewa wasiojulikana. Walanguzi wakapekua majalada, hawakumkuta, wakarudi nyuma. Kijana akasimama na watoto wetu, akawauliza majina, akauliza yanaandikwaje, akasaini na kuandika jina la kila mtoto juu ya saini yake. Mtoto wa jirani akamwambia yeye ni mdakaji. Kijana akamwambia amwonyeshe anavyochuchumaa, wakachuchumaa wote wawili, huku na huku ya uzio.

Watoto hawakujali kwamba si maarufu. Na maarufu wa kesho wanatoka humohumo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na timu ya Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akasota ligi za chini hadi Aprili 2017 ndipo akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu. Mwaka 2022 timu ya Los Angeles Dodgers ilisajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Watoto wetu wanayajua majina hayo na wanayatafuta.

Basi ninachodai si kikubwa. Timu itenge kipande cha uzio, hata mita kumi, kwa ajili ya watoto peke yao, mzazi asimame nyuma ya mstari. Mchezaji aandike jina la mtoto kama alivyofanya yule kijana, kwa kuwa mpira wenye jina la mtu mwingine mlanguzi haumsaidii, bei yake inaanguka palepale. Na anayekamatwa akimpa mtoto pesa amsainishie, afutiwe tiketi mbele ya watu. Barua nimeshaiandikia ofisi ya timu na nimeambatanisha picha ya watoto wakiwa wamebanwa kwenye uzio.

Mlioko Mesa, Peoria, Surprise, na nyie wa Florida, kwenu hali ikoje? Kuna uwanja ambao umetenga sehemu ya watoto na sheria inafuatwa kweli? Nitajieni, kabla Machi haijaisha nataka niwapeleke tena. Na kama mna picha za kinachotokea kwenye uzio, ziwekeni humu, nyuso za watoto zifichwe. Nitaziongeza kwenye barua ya pili.